Pete ya Nyuma ya Goti

Ko.

Mara moja tu, mti juu ya chuma, kisha kimya. Dada mtu alikuwa chini uani, ameinamia tita la matete, analigonga juu ya jiwe bapa ili mashina yakae sawasawa, na kabla hajainua uso alijua ni nini. Kibao cha kupigia matete kimeanguka. Kilikuwa kimeteleza kutoka juu, kikagonga ngazi ya chuma, kikatua matopeni karibu na miguu yake, upande wenye mifuo ukitazama mbinguni.

Tangu mdogo wake aanze kupanda mapaa, kibao hakijawahi kumtoka mkononi. Wengine waliangusha makoti, waliangusha chupa za chai, mmoja aliwahi kuangusha meno ya bandia yakaingia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Yeye, hata kijiti. Ndiyo maana mafundi wenzake walimwita Paka, na jina likamganda mpaka mkewe naye akalichukua.

"Umechoka kukishika?" dada alipaza sauti huku akicheka. "Haya, shuka ukichukue. Mimi si mbwa wako."

Alipotazama juu alimwona mdogo wake ameng'ang'ania fito kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Alikuwa anamtazama dada yake moja kwa moja. Mdomo ulikuwa unafanya kazi, lakini hautoi kitu.

*

Kazi yao ilikuwa kuezeka nyumba kwa matete. Waliirithi kwa baba, pamoja na vibao viwili, ngazi, na ubishi. Matete waliyakata wenyewe bondeni wakati wa baridi, yakiwa yamekauka na majani yamepukutika, wakayafunga matita, wakayapakia. Kazini dada alibaki chini. Yeye ndiye aliyechambua, aliyesawazisha, aliyejua tita lipi ni la ukingoni na lipi ni la katikati, naye ndiye aliyepanda ngazi hadi nusu na kulisukuma juu. Paka alilaza. Alilaza, akabana kwa fito, akapiga mashina kwa kibao mpaka paa likawa na uso mmoja kama manyoya ya mnyama aliyeshiba.

Huko juu Paka hakuwa na maneno mengi. Alikuwa nayo mawili. Akitaka tita jingine alisema, "Leta." Mgongo wa paa, pale juu pande mbili zinapokutana, ukishafungwa, wakati hakuna tena pa kuweka hata unyasi, alitambaza macho kutoka ncha hii mpaka ncha ile, jicho moja amelifumba, kisha akasema, "Basi." Alilisema kwa namna ya mtu anayeweka mtoto kitandani. Dada alikuwa akilingoja neno hilo kila nyumba, na mgongo wake mwenyewe ulimtulia papo hapo akilisikia, kana kwamba matita yote yalikuwa yamempanda yeye.

Akishuka chini ndipo maneno mengine yalipomrudia. Chini alikuwa mtu wa mzaha, mpenda karata, mume aliyeosha vyombo huku akiimba vibaya. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika hoteli, mwanamke mwembamba mwenye kovu la chuma cha moto kwenye kifundo cha mkono. Aliliita paa mke mwenzake.

"Ameamkia kwake tena leo," alikuwa akimwambia dada. "Mimi nimebakiwa na zamu ya usiku tu."

"Vumilia, wifi. Mwenzio ana zamu ya mvua."

Hilo la mke mwenza lilikuwa na chanzo chake. Waezekaji hupiga magoti siku nzima, kwa hiyo huvaa vipande vya ngozi gotini, vyenye mkanda unaopita nyuma na kukazwa kwa pete ya chuma. Baada ya msimu mmoja pete hiyo huacha alama nyekundu ya duara nyuma ya goti, na alama hiyo haitoki. Wenyewe huiita pete. Mgeni wa kazi akiipata, wenzake humpongeza: sasa umeoa. Humpa mafuta ya mgando apake, na mjadala huishia hapo. Haijawahi kutokea mwezekaji kwenda hospitali kuonyesha pete.

Na kupe nao walikuwepo. Bondeni kulikuwa na kupe kama kulivyokuwa na matope. Jioni, kabla ya kupanda gari, kaka na dada walikaguana shingo na nyuma ya masikio, wakawabandua kwa kucha, wakawaponda juu ya jiwe. Waliofichika zaidi ya hapo walijua wenyewe walikofichika.

Mwaka ule, baada ya mavuno ya matete, Paka alikunja suruali kujipaka mafuta, dada akaiona pete ya goti la kushoto. Ilikuwa imetoka nje ya mahali pake, nyekundu pembeni, nyeupe ndani, na nukta katikati.

"Pete yako imenenepa," alisema.

"Inakula vizuri kuliko mimi," Paka alijibu. "Muulize wifi yako anampa nani nyama."

Walicheka. Dada alichota mafuta ya mgando kwa vidole viwili, akampaka mwenyewe, maana Paka mgongo ulikuwa unamuuma akiinama. Baada ya wiki kadhaa pete ilikuwa pana kama sahani, kisha ikafifia, na hakuna aliyeikumbuka tena.

Kipindi cha upepo mkali uso wake ulilala upande mmoja. Jicho halikufumba, chai ilimwagika kwenye pembe ya mdomo. Hilo nalo waezekaji walikuwa na jina lake: upepo wa paani. Baba yao alikwisha kupigwa nao, au alisema alipigwa. Paka alijifunga skafu, akatembea hivyo mitaani, akiwaambia watu nusu ya uso imekwenda likizo na nusu nyingine inafanya kazi za wote wawili. Uso ukarudi wenyewe. Kilichobaki kilikuwa kichwa kuuma, na shingo kukaza asubuhi, na mtu gani anayelala juu ya fito mchana kutwa asiumwe shingo?

Ndipo kibao kikaanguka.

*

Nyumba waliyokuwa wakiiezeka siku ile ilikuwa ya fundi saa mstaafu, mzee mfupi aliyezoea kusema polepole. Yeye na majirani ndio waliomshusha Paka kwa kamba, na yeye ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Hospitali wakasema kiharusi. Wakapima presha, ikawa nzuri. Wakapima moyo, ukawa mzima. Wakampa dawa za kulainisha damu, wakamwambia apumzike, na kwa sababu mkono ulikuwa umeanza kushika tena na maneno yalikuwa yanarudi moja moja, kama kuku jioni, wakamruhusu kwenda nyumbani.

Nyumbani alizungumza kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alikanyaga neno, akasimama, akatafuta jingine. Dada alipokuja kumwona alimkuta anajaribu kuzungusha kijiko kati ya vidole.

"Mgongo," Paka alisema. Akapumzika. "Wa fundi saa. Upo wazi."

"Tumeufunika kwa turubai. Usiumie."

"Nitaufunga. Mwenyewe." Akamtazama kuhakikisha amesikia. "Usimpe. Mtu."

"Simpi mtu," dada alisema. "Nani atakubali kuezeka juu ya kazi yako? Ataonekana mjinga."

Aliahidi hivyo, na alimaanisha. Walikuwa hawajawahi kuacha paa bila mgongo. Ukiacha mgongo wazi, maji huingia katikati ya matete na kuyaozesha kutoka ndani, nawe kwa nje huoni kitu mpaka uweke mkono, mkono uzame.

Kiharusi cha pili kilimkuta mezani, anakunywa uji. Hakikuanguka kitu. Mkewe aligeuka kutoka jikoni akaona kijiko kimesimama njiani, na mume wake anakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Safari hii mkono haukurudi. Mguu aliuburuta. Na maneno yote yaliondoka kwa mpigo mmoja, isipokuwa moja.

"Leta," alimwambia mkewe ndani ya gari la wagonjwa.

"Nilete nini, mume wangu?"

"Leta. Leta."

*

Daktari wa safari hii alikuwa mwanamke wa makamo, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, mwenye viatu vya raba na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliwaita mke na dada katika chumba kidogo chenye viti vitatu. Hakuanza na ugonjwa. Alianza na kazi.

"Mwezekaji wa nini? Mabati?"

"Matete," dada alisema. "Tunayakata wenyewe bondeni."

"Kuna kupe huko?"

Mawifi walitazamana. "Daktari," dada alisema, "kupe wa kule tunawajua kwa majina."

Daktari hakucheka. "Uso wake umewahi kulala upande mmoja?"

"Wakati wa upepo. Ulipona."

"Aliwahi kupata alama nyekundu mwilini? Ya duara, inayopanuka?"

Mkewe alianza kusema hapana. Dada akasema, "Pete."

Ikabidi aeleze: vipande vya ngozi, mkanda, chuma, kuoa paa. Alieleza vizuri mwanzoni, hata kwa madaha kidogo, kama anavyoeleza mtu kazi anayoipenda. Daktari akauliza ilikuwa kubwa kiasi gani. Dada aliinua mikono akafanya duara la kisosi. Akaipanua kidogo. Akaipanua tena, na ilipofika ukubwa wa sahani akaisitisha, akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akaikalia.

Walitoa maji ya uti wa mgongo, wakayapima. Wakampiga picha za mishipa ya kichwani. Jibu lilikuwa ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na vijidudu vya kupe, na ile pete iliyopanuka ilikuwa alama yake ya kwanza. Daktari aliwaonyesha picha ubaoni: mishipa inayogawanyika kama mizizi, na mahali fulani mzizi mnene unakuwa uzi, halafu uzi unakatika.

"Kwa watu wengi hauendi mbali hivi," alisema. "Kwake umeingia kwenye mishipa ya ubongo. Ukuta wa mshipa umevimba kwa ndani, njia imekuwa nyembamba, damu imeshindwa kupita. Sehemu ya ubongo iliyokuwa inaitegemea njia hiyo imekufa. Hapa kiharusi cha kwanza. Hapa cha pili. Hii ni sehemu ya usemi."

"Na dawa ipo?" mkewe aliuliza.

"Ipo. Tunaanza leo, kwa dripu. Itaua vijidudu, uvimbe utashuka, na tunatarajia hakitakuja cha tatu."

"Kwa hiyo atapona."

"Ugonjwa utapona," daktari alisema.

Dada alisikia kilichoachwa. Wifi yake hakukisikia, au alikisikia akakiweka kando kama nguo ya kupigwa pasi kesho. Dada akauliza, "Na zamani, wakati wa ile pete? Dawa ingekuwa gani?"

"Vidonge," daktari alisema. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli haukumfurahisha. "Vya wiki chache."

Kuhusu maneno aliwaambia hivi: mtu akibaki na neno moja, kinachosubiriwa ni la pili. La pili likija, mara nyingi mengine huonekana nyuma yake. Ubongo hutafuta njia za kando, lakini huzitafuta zaidi miezi ya mwanzo. Baada ya hapo, kilichorudi ndicho kilichorudi.

*

Basi nyumba nzima ikawa inangoja neno la pili, na wote walijua ni lipi. Kama alibakiwa na neno moja la paani, lile jingine litakuwa wapi kama si hapo hapo karibu?

Mkewe alihamishia kitanda sebuleni, dirishani. "Leta," Paka alisema asubuhi.

"Leta nini, bwana? Nimeleta mto, nimeleta maji, nimeleta redio. Bado kujileta mimi mwenyewe, nami niko hapa."

Paka alicheka. Kicheko hakikuharibika, kilikuwa kile kile, isipokuwa sasa kilitokea upande mmoja. Fundi saa alikuja Jumapili kucheza naye karata. Paka alizishika kwa mkono wa kushoto, akasema "leta" kila mara zamu ya mwenzake ilipofika, na akashinda.

"Huyu ndiye mchezaji," mzee alisema. "Habishani, hatoi visingizio. Anadai tu."

"Na paa, mzee?" mke aliuliza kwa aibu. "Mvua ikianza?"

"Maisha yangu yote nimewaambia watu saa yao itakuwa tayari wiki ijayo," fundi saa alisema. "Sasa ni zamu yangu kungoja."

Dada alikuja kila jioni. Alikaa mbele yake, magoti yakigusana, akamwonyesha mdomo. Alibana midomo, akaiachia. "Ba. Ba-si." Paka alimkazia macho kama anavyokazia mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Alibana midomo. Mashavu yakajaa, moja zaidi ya jingine.

"Leta."

Kisha akafumba macho, akajipiga paja kwa ngumi ya kushoto. Hapo ndipo palipomuuma dada kuliko pote. Alikuwa amesikia. Alijua neno aliloliita, na alijua lililokuja silo.

Dripu ziliisha. Picha za mwisho zilionyesha mishipa imefunguka, safi, daktari akasema kazi ya dawa imekwisha vizuri. Damu sasa ilikuwa inapita bila taabu kwenda mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuipokea. Aliwapa mkono wote watatu, wa Paka akaushika wa kushoto, akasema hakuna haja ya kurudi ila wakiona jambo jipya. Mkewe alishukuru sana. Koridoni aliegemea ukuta, akavua kiatu, akajifanya anatoa kijiwe.

Mafundi wengine walituma salamu: wako tayari kuufunga mgongo wa paa la fundi saa, bila maneno ya pembeni. Dada aliwajibu bado. Lakini turubai lilipasuka kwenye pembe, na mawingu yalianza kukaa asubuhi nzima bila kuondoka. Akaenda kumwona wifi yake hotelini, kwenye chumba cha nyuma chenye mvuke, wifi anapiga pasi mashuka.

"Nitapanda mimi," alisema. "Nimeiona kazi hii kutoka chini tangu nina meno ya utoto. Yeye tutamweka uani, kwenye kiti chake, aone. Wewe utanisukumia matita."

"Mimi?"

"Wewe. Mtafahamiana na mke mwenzio." Akasubiri wifi atabasamu, hakutabasamu. "Wifi, kila paa amelisema pale pale. Mgongo ukifungwa, neno linatoka lenyewe, halimuulizi. Labda limekaa huko juu."

Wifi alitandaza shuka, akapitisha pasi kutoka ncha mpaka ncha. "Usinipe matumaini," alisema. "Nimechoka kuyafua na kuyaanika."

Lakini alikuja.

*

Dada alivaa vipande vya ngozi vya mdogo wake. Mkanda ulikuwa umezoea mguu mnene zaidi, ikabidi auvute mpaka tundu la mwisho, na pete ya chuma ikamkaa nyuma ya goti, baridi. Paka alikuwa uani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, fundi saa kando yake. Hakuangalia mawingu wala watu. Aliangalia paa.

Dada alitoa turubai. Akaweka mkono ndani ya matete. Karibu na pembe iliyopasuka mkono ulizama kidogo, akayang'oa yaliyolowa, akatupa. Akalaza tita la kwanza juu ya mgongo, akalikunja pande zote mbili, akalibana kwa vijiti vilivyopindwa kama pini za nywele. Mikono yake ilijua zaidi ya alivyotegemea. Alipomaliza la kwanza akageuka kuomba jingine, na kabla hajafungua mdomo alisikia kutoka uani:

"Leta."

Mkewe, aliyekuwa katikati ya ngazi, alilisukuma tita juu.

Ikawa hivyo asubuhi yote. Kila dada alipobana kijiti cha mwisho, Paka alisema leta, na tita likaja. Hakukosea hata mara moja. Neno lilikuwa limerudi kazini kwake, limevaa nguo zake. Jirani aliyepita amebeba mkate alisimama uzioni, akamsalimia Paka, akamwambia anaonekana vizuri, anasimamia kazi kama zamani. Mkewe alicheka peke yake ngazini, jasho linamtoka, vumbi la matete kwenye nyusi. "Ana mdomo huyu," alisema. "Tangu asubuhi ananituma."

Walipofika ncha ya pili dada alilaza tita la mwisho. Alipiga kwa kibao kile kile kilichoanguka, polepole, mpaka mashina yakaingia mstarini. Hapakuwa tena na pa kuweka hata unyasi. Alibaki amepiga magoti juu kabisa, akatazama chini.

Paka alikuwa ameinua kidevu. Alifumba jicho moja. Akatambaza jicho jingine juu ya mgongo wa paa, kutoka ncha hii, taratibu, bila kuruka kijiti, mpaka ncha ile. Fundi saa alivua kofia. Mke alikuwa chini ya ngazi, ameshika chuma kwa mikono miwili.

Dada alishuka. Hakumbuki alivyoshuka. Alikwenda mpaka kwenye kiti, akapiga magoti matopeni mbele ya mdogo wake, ngozi za magoti yake zikizama, uso wake karibu na uso ule uliolala. Paka aliuacha mgongo wa paa akamtazama yeye. Midomo ikasogea. Ikakutana. Ikabana, kabisa, kama inavyotakiwa, mpaka ikawa myeupe pembeni, na mashavu yakajaa pumzi, na mkono wa kushoto ukamshika dada begani na kukaza.

"Leta," alisema, kwa sauti ndogo sana.